Mbwa wa Kutafuta Waliopotea: Mfundishe Kwanza Kupenda Watu

Huku kwetu Mbeya ukisema umepata mbwa, swali la kwanza utakaloulizwa ni kama ni mkali. Mtoto wa mbwa anafungwa mchana kutwa, watu wanakatazwa kumzoea, usiku anafunguliwa. Baada ya mwaka una mlinzi ambaye hata shangazi yako akija kusalimia, lazima mtu atoke akamshike. Kwa kulinda nyumba, sawa. Ila kama ulitaka siku moja akusaidie kumtafuta mtu aliyepotea, umeshaharibu kazi kabla hujaianza.

Naandika haya kwa sababu tangu Aprili 2024, tope lilipoporomoka kutoka Mlima Kawetele na kufunika nyumba za watu kule Itezi, vijana kadhaa wamenifuata wakitaka kufundisha mbwa wao wa nyumbani. Miezi michache kabla ya hapo, Desemba 2023, tulikuwa tumeyaona maporomoko ya tope ya Katesh, mkoani Manyara. Moyo wao naupenda sana. Lakini nawaambia wazi: kumtafuta mtu aliyefukiwa na tope au kifusi ni kazi ya vikosi vilivyofundishwa hiyo na vyenye vifaa. Wewe na mbwa wako mkijitosa pale, mnaongeza idadi ya wa kuokolewa. Ninachokijua mimi ni kumtafuta mtu aliyepotea juu ya ardhi: mtoto aliyefuata mbuzi ukungu ukamfunika, mzee aliyeanza kusahau akatoka nyumbani kabla ya alfajiri, mgeni aliyeiacha njia ya kwenda Ziwa Ngozi.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Uyole. Mbwa wangu anaitwa Karanga, jike wa kienyeji, wa rangi ya karanga zilizokaangwa. Wapo walioniambia kazi hii inataka mbwa wa kizungu. Nikawauliza kama wamesikia habari za panya buku wa shirika la APOPO pale Morogoro, wanaonusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu, na ambao siku hizi wanafundishwa hata kupenya kwenye vifusi wakiwa na kibegi mgongoni. Panya anasikia mlio mdogo, anajua amepatia, anapewa ndizi. Kama panya anafundishika kwa ndizi, mbwa wa kienyeji atashindwa nini? Cha kuangalia ni tabia: awe na hamu ya kula au kucheza, asiogope ngurumo, na akimwona mtu mgeni mkia ucheze.

Karanga nilimchukua akiwa na miezi miwili, na kabla ya kumfundisha lolote nilimzungusha kwa watu. Nilimpeleka stendi ya Uyole, nikampitisha kwenye viazi vinavyopakiwa kwenye malori, nikakaa naye nje ya kanisa ibada inapoisha. Wazee wenye fimbo, mama mwenye ndoo kichwani, dereva wa bodaboda aliyevaa koti la mvua na kofia ngumu, wote wakampa usipa mmojammoja niliowagawia. Usipa mkavu wa Kyela, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, ndio mshahara wake mpaka leo. Mfuko wa koti langu unanuka ziwa zima. Miezi hiyo ya mwanzo haina mbadala. Ukiipoteza, utakuja kuilipia kwa kazi kubwa baadaye.

Omba ruhusa kwanza. Wako wanaoogopa mbwa kwa sababu waliwahi kung'atwa, na wako Waislamu ambao hawapendi mate ya mbwa yawaguse. Majirani zangu wawili ni wa namna hiyo na bado wanatusaidia: wanajificha, wakipatikana wanamrushia usipa chini, hakuna anayeguswa. Na chanjo ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka bila kukosa. Kadi yake naitembeza mkobani, maana mwenyekiti wa mtaa akiiona, mazungumzo yanakuwa mepesi.

Sasa mchezo wenyewe. Msaidizi anachuchumaa mbele ya mbwa, anampa usipa mmoja, anamwonyesha mwingine, kisha anakimbia hatua 15 na kujificha nyuma ya mparachichi. Mimi nimemshika Karanga kifuani. Analia, anakwaruza udongo. Nasema "Tafuta!" namwachia. Akimfikia, yule msaidizi anamshangilia kama mtoto aliyefaulu darasa la saba na kummiminia usipa wote wa mkononi. Mimi simpi kitu. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanamwita mbwa arudi ili wamtuze wao. Mbwa anajua basi kwamba utamu uko kwa bwana wake, na hana sababu ya kuhangaika porini kumtafuta mtu asiyemjua. Zawadi itoke mikononi mwa aliyepatikana.

Dakika 10 zinatosha, mara tatu kwa wiki. Acha akiwa bado anataka. Ongeza umbali polepole, halafu mwondolee kuona: msaidizi ajifiche mbwa akiwa ndani. Halafu jiondolee na wewe kujua. Hili la mwisho ni gumu kuliko linavyosikika. Ukijua alipo msaidizi, mwili wako utamwambia mbwa. Utapunguza mwendo, utatazama kichaka fulani, naye atakusoma wewe badala ya upepo. Kwa hiyo mwambie mtu mwingine apange maficho, na siku nyingine apange eneo lisilo na mtu kabisa.

Huwa naulizwa kama abweke akimpata mtu. Mimi nilikataa. Mtu aliyelala na hofu gizani akibwekewa na mbwa atakimbia, au atarusha jiwe. Karanga akimpata mtu anarudi kwangu, anavuta kipande cha kamba kinachoning'inia kiunoni mwangu, kisha ananiongoza. Kumfundisha kuvuta ile kamba kulichukua mwezi mzima. Kuanzia mchezo wa mparachichi mpaka siku niliyothubutu kumpeleka kwenye kazi ya kweli ilipita karibu miaka miwili, na katikati yake kulikuwa na miezi ya kumzuia asikimbize kuku. Mbwa anayekimbiza kuku wa watu hafai kuachiwa kamba kijijini, hata awe na pua ya ajabu.

Upepo ndio ulionipa kazi. Miili yetu inapukutisha harufu muda wote, na hewa inaibeba kama moshi wa jikoni. Mbwa wa aina hii hafuati nyayo. Anaunasa ule moshi hewani na kuupanda mpaka unakotoka. Kwenye milima yetu, jua likishapasha mteremko hewa hupanda, kwa hiyo mchana napita naye juu, karibu na mgongo wa mlima. Jioni hewa inapoa na kushuka mabondeni, basi tunapita chini. Natembea na chupa tupu ya poda ya mtoto niliyoijaza unga wa chaki. Naiminya kila baada ya hatua mia, nautazama ule unga unaelekea wapi. Utashangaa: majani ya mikaratusi juu yanapepea huku, unga magotini unakwenda kule.

Ni kwa sababu hiyohiyo umati unatuharibia. Mtu akipotea, kijiji kizima kinatoka na tochi na filimbi, na ni jambo jema la utu, ila Karanga anatafuta harufu ya mtu, mtu yeyote. Mara ya kwanza aliwapata watafutaji watatu, mmoja baada ya mwingine, kwa furaha kabisa. Siku hizi namwomba mwenyekiti anitengee upande mmoja ambao hajapita mtu. Na siendi bila kuitwa. Taarifa ifike kwanza polisi, 112, au Zimamoto na Uokoaji, 114, na anayesimamia shughuli ajue niko wapi. Nguo ya mbwa niliishona mwenyewe, rangi ya chungwa, na kengele ndogo mgongoni ili nimsikie kwenye ukungu.

Kengele hiyo ndiyo iliyonifundisha jambo ambalo miaka miwili ya mazoezi haikunifundisha. Ilikuwa Juni, kijiji kimoja upande wa Poroto. Mzee alikuwa ametoka asubuhi, na wanawe wote walikuwa na hakika amekwenda kwenye shamba la zamani, ng'ambo ya kilima. Tulifika jua likizama. Njia ilikuwa inakatiza mdomo wa korongo, na hapo Karanga akageuza kichwa ghafla, kama mtu aliyeitwa jina lake. Akaingia hatua kadhaa. Nikamwita. Akarudi, akaingia tena. Nilikuwa nimeambiwa mzee yuko ng'ambo, giza linaingia, watu wananisubiri mbele. Nikamfunga kamba nikamvuta. Chupa yangu ya chaki ilikuwa mfukoni, sikuitoa. Ningeitoa ningeona hewa inashuka kutoka ndani ya korongo, inatupiga usoni.

Akina mama waliokwenda kukata majani ya ng'ombe walimkuta asubuhi, ndani ya korongo lile, hatua kama 200 kutoka pale nilipomvuta Karanga. Alikuwa hai, kifundo cha mguu kimevimba, anatetemeka. Juni ya Poroto mnaijua; kuna asubuhi majani yanakuwa meupe kwa baridi.

Nilikwenda kumjulia hali. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda karibu na moto, na kabla sijatafuta maneno ya kumwomba radhi akaniambia, "Nilisikia kengele, mwanangu. Ikaja, ikaja, halafu ikaondoka." Alisema alijaribu kuita lakini koo lilikuwa limekauka. Nilimweleza ukweli, kwamba mbwa alimjua na mimi ndiye niliyemvuta. Akanyamaza kidogo, akauliza kama mbwa amekuja. Nikamleta. Akampa kipande cha kiazi cha kuchemsha.

Tangu hapo Karanga akigeuza kichwa, nasimama. Natoa chupa, naminya, natazama unga, namwachia kamba, nafunga mdomo. Hata kama tuko matembezini tu na hakuna aliyepotea. Mara nyingi ni mtu anayekata kuni, au mama anayechuma mboga nyuma ya kichaka, na anashtuka kuona mbwa mwenye kengele. Tunamsalimia, naomba samahani, namkabidhi usipa mmoja kama yuko radhi ampe, Karanga anakula, tunaendelea na njia.