Kunyoosha meno kwa miezi sita ukiwa mtu mzima

Dada unayeuliza kama ukiwa na miaka 34 unaweza kunyoosha meno kwa miezi sita, inawezekana ila inategemea meno yako yakoje. Kama ni ya mbele tu yamepandana kidogo, miezi sita mpaka tisa inaweza kutosha, lakini kama ukiuma meno ya juu na ya chini hayakutani vizuri hapo jiandae mwaka na nusu mpaka miwili, maana jino linasogea kama milimita 1 tu kwa mwezi, mfupa unalika upande mmoja unajijenga upande wa pili, ukilivuta kwa nguvu halikimbii, mzizi ndo unalika unakuwa mfupi na haurudi tena. Umri sio shida kabisa, shida ni fizi. Mimi nilifunga waya nikiwa na 31, daktari aligoma kuanza mpaka nisafishwe ugaga na fizi ziache kutoa damu, nilinuna ila sasa namshukuru sana. Mtu akikuahidi muda kabla hata hajakupiga eksirei, ondoka. Na ukishafunguliwa waya vaa riteina, kile kifaa cha kushikilia meno yasirudi yalikokuwa, kila usiku, miaka na miaka, mimi niliacha wiki tatu tu nikakuta jino la chini limeanza kurudi, kuivaa tena ilibana hadi machozi.