Usioshe Kasha la Bibi Kabla Hujalisoma

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia. Amerithi kasha lenye vikorokoro na picha za kijiji cha wazazi wake, anataka kuandika historia ya kijiji hicho, na ameshanunua brashi na sabuni. Niliposoma hiyo sabuni, moyo ulinilipuka paa.

Mimi niliosha. Kasha la bibi yangu lilijaa masizi, na ndani ya kifuniko palikuwa na mistari ya mkaa, minne iliyosimama na wa tano umeikatiza, safu baada ya safu. Nikadhani ni michezo ya watoto. Nikasugua mpaka mbao ikang'aa, nikajisifu. Jioni shangazi alikuja, akainua kifuniko, akapitisha kidole pale pale palipokuwa na mistari. "Hesabu ya mama iko wapi?" Kila mstari ulikuwa debe la nafaka alilomkopesha jirani mwaka wa ukame. Hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Kwa hiyo, dada yangu, piga picha kwanza. Weka kitu karibu na dirisha, mwanga ukipige ubavuni. Mikwaruzo ambayo macho hayakuiona itajitokeza. Jembe lililolika upande mmoja linakuonyesha mkono wa aliyelilimia. Mpini umekuwa laini sehemu mbili tu, pale viganja vyake viliposhika miaka yote. Ukiupiga msasa, umemfuta.

Picha nazo zina yake. Watu wote hutazama nyuso; wewe tazama pembeni. Nina picha ya harusi ambayo niliishika miaka mingi kabla sijaona kwamba nyuma ya bibi harusi kuna paa moja la bati katikati ya mapaa ya nyasi. Nilipomwonyesha mzee mmoja paa hilo, alizungumza mpaka giza likaingia: nani alilijenga, alipata wapi fedha, nani walimwonea kijicho. Habari za harusi yenyewe zilimchukua dakika mbili.

Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, taratibu. Kalamu ya wino huchimba karatasi na wino hupenya. Zikwepe albamu zenye gundi. Na anza kunakili zile za rangi: rangi zake hufifia kwa kasi tofauti, ndiyo maana nyingi za miaka ya 1970 zimegeuka nyekundu. Zile nyeusi na nyeupe, zilizotengenezwa kwa madini ya fedha, zikitunzwa hustahimili zaidi.

Ndugu zangu, tunakimbilia kuuliza wazee maswali makubwa, "tuelezeni historia", nao wanatujibu kwa mkato. Mpe mzee kitu mkononi! Mpe kibatari, mpe kufuli lisilo na ufunguo, kisha unyamaze. Na ukiazimisha picha, azimisha nakala. Yupo jamaa aliyechukua picha pekee ya babu yangu "kwa siku mbili tu", na mpaka leo ninaisubiri.

Shangazi alikumbuka majina matatu ya waliokopa. Nimeyaandika kwa penseli kwenye karatasi, nikaiweka ndani ya lile kasha linalong'aa. Mistari ilikuwa mingapi, sikuihesabu.