Maswali yenu: Afrika Mashariki na sisi wa visiwani

*Mzee wangu, Tanzania inautaka muungano wa Afrika Mashariki au haiutaki? Kila baada ya miaka nasikia kauli nyengine. (Mwanafunzi, Tunguu)*

Inautaka, ila haitaki kukimbizwa. Mwaka 1960 Nyerere alisema yuko tayari kuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi za Afrika Mashariki ziungane kwanza. Juni 1963 yeye, Kenyatta na Obote wakatangaza Nairobi kwamba shirikisho litakuwa tayari kabla ya mwaka kwisha. Halikuwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa 1967 ikafa 1977, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983. Basi aliyeumwa na nyoka huyu haoni haya kushtuka akiona ung'ongo.

Jumuiya ya sasa ilitiwa saini Arusha Novemba 1999, na mkataba wake unataja shirikisho la kisiasa kuwa ndiyo hatua ya mwisho. Serikali zilipowauliza wananchi kama safari iharakishwe, hapa Tanzania wengi walijibu hapana. Mwaka 2013 Kenya, Uganda na Rwanda zikaanza kukutana bila sisi, na maneno yakawa mengi. Mwaka 2017 wakuu wa nchi wakakubaliana kuanza na konfederesheni, yaani kila nchi inabaki na mamlaka yake na machache tu ndiyo yanayowekwa pamoja. Kwa maoni yangu huo ndio mwendo ambao Dodoma iliutaka tangu zamani. Wenzetu ndio waliopunguza kasi.

*Kama ni soko moja, mbona nikipeleka karafuu zangu Mombasa naitwa mtu wa magendo? (Mkulima, Wete)*

Swali hili naletewa kila msimu, na sikulaumu kuuliza. Umepanda mti, umelipa wachumaji, umeanika juami na kuzikimbilia kila wingu likitanda. Halafu unaambiwa mnunuzi ni mmoja tu, ZSTC, shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar. Soko la pamoja la 2010, na umoja wa forodha uliolitangulia, vimeshughulikia ushuru baina ya nchi na nchi. Nani ananunua karafuu ndani ya Zanzibar ni sheria ya Zanzibar, na hiyo mkataba wa Arusha haukuigusa. Kwa hiyo mashua inayotoka bandari bubu usiku kuelekea Shimoni, pwani ya Kenya, ni magendo, hata ikiwa pande zote mbili ni Afrika Mashariki. Ukitaka jambo hili libadilike, mtu wa kumkaba ni mwakilishi wako katika Baraza la Wawakilishi kule Chukwani.

*Mkenya anaweza kuja kununua ardhi Zanzibar kwa sababu ya Jumuiya? (Mama wa Makunduchi)*

Hapana, mama. Katika itifaki ya soko la pamoja, ardhi imeachiwa sheria za kila nchi, na Tanzania ndiyo iliyolishikilia hilo kwa nguvu. Hapa kwetu ardhi ni ya umma tangu baada ya Mapinduzi.

*Kitambulisho cha Mzanzibari kinanivusha hadi Mombasa? (Kijana, Mkoani)*

Hakikuvushi. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanatembeleana kwa vitambulisho tangu 2014, Tanzania haikuingia. Chukua pasipoti au hati ya safari.

*Kwa nini Zanzibar isijiunge yenyewe na Jumuiya, kama ilivyo kwenye CECAFA, shirikisho la mpira la Afrika Mashariki na Kati? (Msomaji, Mji Mkongwe)*

Mpira una kanuni zake. Timu yetu, Zanzibar Heroes, ilitwaa kombe la CECAFA 1995 na hakuna aliyeuliza Katiba. Mambo ya nje, lakini, ni ya Muungano. Tuliingia OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, mwishoni mwa 1992, na 1993 tukatoka baada ya mzozo mkubwa na Bara. Sioni Jumuiya ikitufungulia kiti cha pekee wakati OIC ilitushinda.

Mimi ningeuliza jengine. Wabunge tisa wa Tanzania katika Bunge la Afrika Mashariki wanachaguliwa na Bunge la Muungano, si na Baraza la Wawakilishi, hata wale wanaotoka visiwani. Mkataba wa konfederesheni ukija kuandikwa, Baraza letu litaulizwa kabla ya saini au litasomewa baada yake? Hilo linaweza kudaiwa sasa, bila kugusa Katiba.