Miwani ya akili mnemba kwa wasioona: kabla hamjanunua kamera, someni hapa

Kijana mmoja ameuliza humu: yeye na wenzake wamemaliza chuo, wanataka kufungua kampuni ya kutengeneza miwani yenye akili mnemba itakayomwambia asiyeona kilicho mbele yake. Anauliza waanzie wapi na hela watapata wapi. Waliotangulia wamempa hongera na majina ya kozi. Mimi ni asiyeona, naishi Dar, na vijana wa vyuo wamekuwa wakiniita mara kwa mara niwajaribie vifaa vyao. Basi nijibu kwa upande wa mvaaji.

Mdogo wangu, nia ni njema. Ila miwani iwe ya mwisho.

Karibu kila kundi lililoniita lilianza na fimbo au miwani, na ndani yake kitu ni kilekile: kihisi cha mawimbi ya sauti, kile chenye macho mawili ya duara kinachouzwa bei chee, kimeunganishwa na Arduino, yaani kikompyuta kidogo cha kujifunzia, na kengele ndogo. Kinatoa mlio usiosikika, kinasubiri mwangwi, kinapiga hesabu ya umbali. Mbele ya ukuta kinafanya kazi vizuri mno, ndiyo maana siku ya maonyesho watu wanapiga makofi. Sasa njoo nacho mtaani. Nguo zilizoanikwa zinaumeza mlio. Bati lililoegeshwa mshazari linautupa pembeni. Na mtaro usio na mfuniko ndiyo kabisa, kwa sababu hakuna kitu pale cha kurudisha mwangwi; hatari yenyewe ni kwamba ardhi haipo. Kuna siku nimefungwa kifaa kifuani, kimya, hakilii, na ncha ya fimbo yangu nyeupe ya kawaida ilishazama mtaroni. Fimbo hiyo haina betri wala haidai kuchajiwa. Anayetaka kuishinda ajue anashindana na nini.

Kamera inayotambua vitu ni afadhali, sikatai. Programu ya simu ya Be My Eyes ilipoanza huko Denmark mwaka 2015, asiyeona alimpigia video mtu wa kujitolea amsomee. Mwaka 2023 wakaongeza akili mnemba inayoieleza picha yenyewe. Microsoft nao wana Seeing AI. Barua, lebo za dawa, maandishi ya mlangoni, vitu hivyo napiga picha nasomewa, na nimeacha kumwita mtoto wa jirani kila saa. Lakini angalieni: yote hayo yako ndani ya simu niliyo nayo tayari. Simu ikiharibika, fundi yupo kila kona. Miwani yenu ikizima, nimpelekee nani? Ninyi mtakuwa mmeshaajiriwa benki.

Sasa jambo ambalo naliona zito kuliko yote: mashine inakosea kwa sauti ileile inayopatia. Kundi moja liliniletea programu ya kutambua noti. Mezani kwao ilipatia zote. Nikatoa noti zangu mfukoni, elfu mbili iliyochoka ikatangazwa kuwa elfu kumi, bila kusita. Kumbe waliifundisha kwa picha za noti mpya zilizonyooshwa vizuri chini ya taa. Noti ya daladala imekunjwa mara nne, ina jasho, ina kona iliyochanika na mtu kaandikia namba ya simu juu yake. Mimi napima noti kwa vidole, maana zinapishana urefu kidogo: naikunja kwenye kidole cha shahada nasikiliza inaishia wapi. Nikiwa na shaka namwuliza mtu. Mashine ikiniambia "sina hakika, igeuze", nitaigeuza au nitauliza. Ikiniambia elfu kumi, nimeibiwa bila mwizi. Kwa hiyo kabla ya kuniambia programu yenu inapatia asilimia ngapi, niambieni inafanya nini pale isipojua.

Mkiniuliza mimi ninataka nini, wala si miwani. Nataka kutuma pesa bila kumpa mtu namba ya siri. Menyu ya pesa kwenye simu inajifunga kabla kisoma-skrini, ile programu inayonisomea kioo cha simu kwa sauti, hakijamaliza kusoma machaguo, naanza upya, inajifunga tena, mwishowe namkabidhi wakala simu. Ujumbe wa kupokea pesa ukiingia, kama simu imewekwa sauti ya Kiingereza, "umepokea" inasomwa kama jina la dawa. Tena nasikiliza kwa sikio moja tu, la pili ni la bodaboda. Hapo pana kazi ya kampuni nzima: sauti ya Kiswahili inayosoma tarakimu, majina na maneno yaliyochanganywa na Kiingereza, tena bila bando, kwenye simu ya bei ya chini. Haitapigwa picha magazetini, lakini nitaitumia kila siku.

Kuna pengo lingine ambalo hata halina watu wa kulishughulikia. Mozilla Common Voice, mradi wa kukusanya sauti za kufundishia mashine kuelewa usemi, ina rekodi nyingi za Kiswahili zilizotolewa na watu wa kujitolea, na yeyote anaweza kuzichukua. Lakini sauti ya mtu mwenye mtindio wa ubongo, au aliyepata kiharusi akawa anazungumza kwa shida, mashine nyingi haziielewi kabisa. Mama yake anamwelewa. Anayeweza kukusanya sauti hizo kwa heshima na kwa ridhaa ana mtaji wa miaka.

Kuhusu viziwi, mimi si kiziwi, nitasema nililojifunza kwao tu. Mwaka 2016 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Washington kule Marekani walipata tuzo ya Lemelson-MIT kwa glavu za kutafsiri lugha ya alama. Viziwi na wataalamu wa isimu wakalalamika: sehemu ya sarufi iko usoni na mwilini, kwenye nyusi na mabega, na glavu inaona vidole tu. Isitoshe, anayevalishwa mzigo ni kiziwi ili anayesikia apate raha. Kenya nako Roy Allela alitengeneza glavu, akiwa na mpwa wake kiziwi akilini. Lakini Elly Savatia na kampuni yake ya Signvrse wamekuja kwa upande mwingine: programu yao ya Terp 360 inachukua maneno yaliyosemwa na kuyaonyesha kwa alama kupitia mtu wa kuchorwa kwenye skrini. Kiziwi havai kitu. Kwangu huo ndio mwelekeo. Ila msidhani mtaichukua tu mvuke nayo Namanga: Lugha ya Alama ya Kenya siyo ya Tanzania. Kagongeni hodi CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, kwanza.

Hela. Savatia ndiye aliyeshinda Africa Prize, tuzo ya wabunifu wa uhandisi Afrika, ya mwaka 2025, ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 50,000. Msiseme ni ya Wakenya. Mshindi wa kwanza kabisa, mwaka 2015, alikuwa Dk. Askwar Hilonga wa Arusha na chujio lake la maji. Nairobi ilianzishwa Innovate Now, inayolea kampuni changa za vifaa saidizi tu, yaani vifaa vya kuwasaidia watu wenye ulemavu, nayo ifuatilieni. Soko lipo: ripoti ya WHO na UNICEF ya mwaka 2022 inasema zaidi ya watu bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na kwenye baadhi ya nchi maskini wanaovipata ni asilimia 3 tu ya wenye uhitaji. Lakini tuzo haina mteja. Wengi wetu hatuna hela ya kununua kifaa chenu, kwa hiyo mwambieni mfadhili mapema nani atalipa: shule, mwajiri, bima au familia.

La mwisho, msinikasirikie. Nimeshaitwa kwenye chumba chenye kiyoyozi, nikapigwa picha nimevaa kifaa, picha ikaingia kwenye andiko la kuomba fedha, na sikuitwa tena. Mkitaka mtu wa kujaribu, mwajirini tangu siku ya kuchora, mumlipe kama mnavyomlipa mwandika programu, na mmoja wetu awe na hisa. Nipo tayari kuwajaribia. Tutakutana Kariakoo saa kumi na moja jioni, watu wakiwa wanatoka kazini, na nauli iingie kabla sijatoka nyumbani.