Muulize Shangazi: Wanakuja, kisha wanapotea

SWALI: Shikamoo Shangazi. Hapa Kirumba tuna kundi la watu tusiokula nyama wala samaki. Wapya wanaingia kwa shangwe, baada ya muda hatuwaoni tena. Tufanyeje? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Kuacha samaki ukiwa jirani na soko la samaki la Mwaloni, dagaa wananukia mpaka mlangoni, si mchezo! Nahisi mnahubiri mno: mtu anakuja na njaa, mnampa mada. Kutaneni jikoni. Pikeni mlenda wa karanga, choroko za nazi, na chai iende na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Mgeni apewe kazi siku hiyohiyo, hata kukatakata nyanya. Aliyeshika kisu hujiona mwenyeji. Alikeni familia za Wasabato na za Kihindu zisizokula nyama, maana mapishi haya wameyazoea.

Suala la mayai na maziwa mlimalize mapema, ugomvi huanzia hapo. Mimi ningewapokea wote, ila asiyegusa kabisa mayai na maziwa atumie vidonge vya vitamini B12, kwani mboga na nafaka hazina. Na aliyeteleza akala sato harusini, jamani, msimsute mbele za watu. Mpakulieni mlenda.