Blanketi halitoi joto jamani

SWALI: Shikamoo daktari. Mwezi ujao nahamia kikazi sehemu iliyo mita 3,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Bibi kanipa blanketi lake la sufu la kujitanda, anasema watu wa milimani ndo walikuwa wanavaa. Ila jamaa yangu anasema halitoshi, nivae tisheti tatu za pamba za kubana ndani, nijipake dawa ya kuchua kifuani, na jioni nipige pombe kali kidogo damu ichemke. Nifuate lipi?

JIBU: Marahaba. Msikilize bibi, huyo jamaa muage vizuri tu.

Swali hili naulizwa kila wiki na kila mara kosa ni lilelile, watu wanadhani nguo inatoa joto. Blanketi halina jiko ndani. Jiko ni wewe mwenyewe, kazi ya nguo ni kuizuia ile hewa iliyopata moto karibu na ngozi isikimbie. Sasa ukijibana na tisheti tatu hiyo hewa itakaa wapi? Halafu ni pamba. Utapanda kilima kidogo tu, huko hewa ni nyepesi utahema na kutoka jasho, pamba italinyonya lote na kulikumbatia, jua likizama unabaki umevaa maji, na maji yanabeba joto kama mara 25 kuliko hewa. Sufu nayo inanyonya, tena mpaka karibu theluthi ya uzito wake, ila nyuzi zake zimejikunjakunja zinabaki na hewa katikati, ndo maana hata ikiwa na unyevu bado inakusitiri.

Najua kuna mtu atadakia, mbona gabi, lile shuka la kujitanda la Ethiopia, ni pamba? Ni pamba kweli, ila imekunjwa tabaka nne na unajitanda kwa juu, haikai kwapani ikinywa jasho.

Na siri ya mavazi haya ya milimani siyo unene, hapo ndo watu wananichosha. Joto linashuka kama digrii 6 na nusu kila ukipanda mita 1,000, yaani pwani ikiwa 30 huko kwako ni kama 10, lakini mchana jua la huko linachoma kwelikweli na usiku anga likiwa wazi joto lote linapotea. Kwa hiyo unataka nguo ya kufungua na kufunga. Watibeti wana joho lao la chuba, jua likiwaka mtu anatoa mkono mmoja au yote miwili anafunga mikono ya nguo kiunoni, baridi ikirudi anaivaa tena. Poncho ya kule milima ya Andes, Amerika Kusini, yaani blanketi lenye tundu la kupitishia kichwa, iko wazi pembeni, mvuke wa jasho unatoka. Na wewe ukianza kutembea lilegeze blanketi KABLA hujatoka jasho, ukisimama jifunge.

Dawa ya kuchua inachezea neva za ngozi tu, mwilini haijaongeza hata nusu digrii. Na pombe ndo mbaya kabisa, inafungua mishipa ya damu kwenye ngozi, unasikia raha ya joto kumbe ndo linatoka hivyo. Wanaouza zile chupa za "kuchemsha damu" nikiwakuta siwezi kunyamaza, maana mteja wao akishalewa hata kutetemeka hakusikii. Joto la mwili likishuka chini ya digrii 35 hiyo ni haipothemia, mtu anaanza kuongea kama mlevi, vidole havishiki kitu, na akiacha kutetemeka wakati bado yuko baridi wenzake wanasema afadhali kapata nafuu. Hajapata nafuu, mwili umeishiwa. Huyo usimsugue miguu, usimpe hata tone la pombe, mvue nguo mbichi taratibu, mfunike kwa kitu kikavu mpaka kichwani uso ukiwa wazi, na muwahishe hospitali akiwa amelala.