Mwanafunzi wa kutwa katika shule ya bweni ya uchawi: je, maneno yanapingana?

SWALI: Ninaandika hadithi ya vijana kuhusu shule ya bweni ya uchawi iliyojengwa juu ya mlima. Chini ya mlima huo kuna kijiji cha waganga, na mhusika wangu mkuu ni mtoto wa kijiji hicho ambaye hurudi kwao kila jioni. Nimemwita "mwanafunzi wa siku". Mhariri ameyakata maneno hayo na kuandika pembeni kwamba shule ya bweni haiwezi kuwa na mwanafunzi wa namna hiyo, maana neno "bweni" lenyewe linakataa. Je, ni kweli?

JIBU: Mhariri alifanya vyema kulikata jina, ila sababu aliyoitoa siikubali. "Mwanafunzi wa siku" humfanya msomaji adhani kwamba mtoto huyo amepokelewa kwa siku moja tu. Jina lililozoeleka, Kenya na Tanzania pia, ni "mwanafunzi wa kutwa". Neno "kutwa" linatokana na kitenzi cha kuzama kwa jua, ambacho kwingine hutamkwa "kuchwa", na ndiko tulikopata "machweo". Mwenzake ni "kucha", na kwa hiyo tunasema mchana kutwa na usiku kucha. Kwa asili, basi, mwanafunzi wa kutwa ni yule anayeshinda shuleni hadi jua lizame, kisha akaenda kulala kwao. Siku hizi hatulipimi tena jina hilo kwa jua, kwani shule inayowaruhusu wanafunzi saa nane mchana bado ni ya kutwa. Hata kama masomo ya nyota katika shule yako hufanyika usiku wa manane, mhusika wako hapotezi jina lake, kwa sababu kinachompa jina hilo ni mahali anapolala, wala si saa anayotoka darasani.

Sasa nije kwenye hoja ya mhariri. Kiunganishi cha -a, yaani "ya" katika "shule ya bweni", hakina nguvu ya kufunga mlango peke yake, bali maana yake huamuliwa na nomino inayokifuata. Nomino hiyo ikitaja watu ambao kitu kimewekwa kwa ajili yao, kwa kawaida wengine huwa wametengwa: shule ya wasichana haipokei wavulana, na wodi ya wazazi hailazi mgonjwa wa malaria aliye mwanamume. Lakini nomino ikitaja sifa au sehemu ya kitu, hakuna anayetengwa. Nyumba ya ghorofa ina vyumba vya chini pia, na anayeishi katika vyumba hivyo hajavunja kanuni yoyote ya lugha. "Bweni" liko katika kundi hili la pili, kwa kuwa ni jengo, si watu. Shule ya bweni ni shule yenye mahali pa kulala wanafunzi, na neno halisemi kwamba kila mwanafunzi lazima alale hapo. Ndiyo maana mtoto wa mwalimu anayesoma katika shule ya namna hiyo na kulala kwa wazazi wake, katika nyumba za walimu zilizo hatua chache tu, hajawahi kuifanya shule ibadilishwe jina.

Hata hivyo, naelewa mhariri alikotoka. Katika orodha na fomu za shule nchini Tanzania hutajwa aina tatu, yaani kutwa, bweni, na kutwa na bweni. Na neno linapowekwa katika safu ya fomu huanza kusomwa kama mpaka. Huo ni utaratibu wa ofisi, nao una manufaa yake kwa mzazi anayepanga nauli na godoro, lakini hadithi haijazi fomu. Uingereza, ambako hadithi nyingi za shule za bweni zimetokea, mambo yenyewe huchanganyika: shule ya Rugby, ambayo watu wengi huifahamu kuwa ya bweni, ilianzishwa mwaka 1567 kwa wasia wa Lawrence Sheriff ili iwafundishe wavulana wa mji huo, na hadi leo ina wanafunzi wa bweni na wa kutwa, ndivyo ilivyo pia shule ya Westminster ya London.

Ugumu ungetokea upande wa pili. Ukisema "shule ya kutwa" kisha ukaweka bweni ndani yake, msomaji atashtuka kweli, kwa kuwa shule ya kutwa hutambulika kwa kutokuwa na bweni. Vilevile, ukiihamishia shule yako Unguja au Pemba na kuiita "skuli ya dakhalia", yaani shule ya bweni kwa Kiswahili cha huko, kumbuka kwamba neno hilo la Kiarabu lina maana ya ndani, na mtoto anayetoka nje kila jioni atalifanya lisikike kwa mzaha kidogo masikioni mwa wanaojua Kiarabu. Mimi ningeuacha mzaha huo ubaki.

Mwambie mhariri arudishe mhusika, na sentensi iwe hivi: "Katika shule ile ya bweni, yeye peke yake alikuwa wa kutwa, alishinda na wenzake darasani, akalala kwao kijijini." Kama mkuu wa shule hataki watoto wa kijijini, aweke sheria hiyo kwa kinywa chake, aseme kwamba kila mwanafunzi sharti alale bwenini.